HAKI YA ANAYEREJEA KWAO

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kumlinda mja wake anapotoka kwake na anaporejea kwake. Tunamshukuru kwa neema zake, tunamwomba msaada, na tunatubu kwake. Tunakiri kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye, na kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye na jamaa zake na Masahaba wake, waliohama pamoja naye na wale waliompokea.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mliohudhuria hapa msikitini na mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, nakuusieni na naiusia nafsi yangu kabla yenu kumcha Mwenyezi Mungu, kwani hiyo ndiyo akiba ya safari isiyokuwa na marejeo.

Ndugu Waislamu, kila unapoandama mwaka wetu mpya husomwa juu ya mimbari habari za Hijra. Tunasimuliwa jinsi Waislamu walivyotoka Makka wakiacha nyumba na mali, na jinsi Ansari wa Madina walivyowapokea. Ni habari njema, na ni haki irudiwe. Lakini ipo sehemu ya pili ya habari hiyo ambayo haisomwi mara nyingi, nayo ni habari ya marejeo. Aliyehama siku moja hurejea. Je, anakuta nini? Anamkuta nani ndani ya nyumba yake? Na sisi tuliomwona akitoka, na tuliomwona akipita njiani kurudi, tuna wajibu gani juu yake?

Mwaka wa 8 wa Hijra Mtume (S.A.W.) aliingia Makka pasipo kupingwa na mtu wa maana. Mji ulikuwa mkononi mwake. Akaulizwa atashukia wapi. Mji ule ndio aliozaliwa, na ndio aliolelewa na ami yake Abu Talib, lakini hakuwa na nyumba. Nyumba za ukoo wake zilikuwa zimekwisha kuuzwa na Akil bin Abi Talib, mtoto wa ami yake, katika miaka ile Waislamu walipokuwa Madina. Mtume akaulizia kwa mshangao kama Akil alibakisha hata nyumba moja, kisha akapigiwa hema nje ya majumba, akakaa humo. Fikirini, enyi ndugu. Mtu amerejea kwao akiwa mshindi, jeshi liko nyuma yake, na usiku wa kwanza analala hemani katika mji wa baba zake. Ikiwa hayo yalimpata Mtume wa Mwenyezi Mungu siku ya ushindi, yatakuwaje kwa mkulima maskini anayerejea na mzigo wa blanketi na sufuria?

Sitaki kuzungumza kwa mafumbo. Sisi wakazi wa ukanda wa Ziwa Tanganyika tunayajua mambo haya kwa macho yetu. Basi natukumbuke habari ya jirani zetu wa Burundi, ambao wengi wao wanasema lugha hii ninayokuhutubieni kwayo, na miongoni mwao wako ndugu zetu katika dini, watu wa Rumonge, wa Nyanza-Lac na wa mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura.

Mwishoni mwa mwezi wa Aprili mwaka 1972 fitina ililipuka kusini mwa nchi ile, katika ukanda huo huo wa Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliwaua watu wasiokuwa na hatia, na baada yao majeshi ya serikali ya wakati ule yakalipiza kisasi nchi nzima kwa muda wa miezi. Idadi ya waliouawa hukisiwa kuwa baina ya laki moja na laki tatu. Walionusurika walikimbia, wengine kwa mitumbwi ziwani usiku, wengine kwa miguu misituni, na wengi wao wakaingia Tanzania. Serikali ikawapa ardhi Ulyankulu katika Mkoa wa Tabora mwaka huo huo, kisha Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Ilikuwa ardhi ya pori. Wakafyeka, wakalima, wakajenga. Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilitoa msaada, na pamoja nalo shirika la Kikristo lililoitwa Tanganyika Christian Refugee Service. Nalitaja kwa jina kwa kuwa haki ya mtu husemwa hata kama si wa dini yako. Ilipofika mwaka 1985 watu wale walikuwa wanajilisha wenyewe na wanauza ziada sokoni. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alipewa Nishani ya Nansen, nishani ya heshima itolewayo kwa waliowahudumia wakimbizi, na wengi wetu tulijiona tumepewa sote.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, vita vikaingia, na malaki ya watu wengine wakavuka mpaka. Mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti mwaka 2000, na tangu mwaka 2002 misafara ya kurudi ilianza kupangwa. Katika muda wa miaka michache baada ya hapo karibu watu nusu milioni walirejea Burundi. Kisha ikaja zamu ya wale wa kwanza, watu wa mwaka 1972. Mwaka 2007 waliandikishwa katika makazi yale matatu, wakahesabiwa kiasi cha 218,000, na kila mmoja akaulizwa atakalo. Wanne katika kila watano walitaka wabaki Tanzania wawe raia, na mwaka 2010 watu 162,000 walikubaliwa uraia. Waliosalia walitaka kurudi. Katika mwaka 2008 na mwaka 2009 zaidi ya watu 53,000 walisafirishwa kurudi katika nchi ambayo wengi wao hawajapata kuiona, kwani walizaliwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu.

Enyi Waislamu, katika siku zile nilikuwa nikisalisha katika msikiti mmoja mjini Kigoma. Wasafiri walifika kwa gari la moshi kutoka bara, wakiwa na mizigo ya kila namna, milango ya nyumba walizozivunja, mabati yaliyokunjwa, baiskeli na kuku katika matenga. Ijumaa moja baada ya sala alinijia mzee mmoja katika wasafiri wale, akakaa kitako mbele yangu, akaniambia: “Shekhe, nina swali, na swali hili limeninyima usingizi tangu Katumba. Nilitoka kwetu Rumonge ni kijana, mke wangu ana mimba ya mtoto wa kwanza. Nimeacha shamba la michikichi, michikichi aliyoipanda baba yangu. Nimepata habari kwamba shamba lipo, na michikichi ipo, na ndani yake yuko mtu na watoto wake na wajukuu. Mtu huyo hakuniua ndugu yangu wala hakunifukuza. Alipewa na serikali, na baba yake mwenyewe aliuawa na waasi mwaka ule ule. Sasa, Shekhe, nikifika nimwambie nini? Nikimwacha, watoto wangu hawana pa kulima. Nikimtoa, nami nitakuwa nimemfanyia yale niliyofanyiwa.”

Nakiri mbele yenu kwamba sikumjibu siku ile. Nilimwambia, “Mzee wangu, nipe muda,” naye hakuwa na muda, kwani mabasi ya kuvuka mpaka yalikuwa yanaondoka asubuhi yake. Khutba hii ni jawabu lililochelewa.

Jambo la kwanza alilopasa kuambiwa mzee yule ni kwamba dhuluma haigeuki kuwa haki kwa kukaa sana. Mtume (S.A.W.) alionya vikali juu ya mwenye kuchukua ardhi ya mtu kwa dhuluma, hata ikiwa ni shubiri moja, na adhabu aliyoitaja ni ya kutetemesha. Wanavyuoni wetu wakasema kwamba kilichonyang'anywa hurudishwa kwa mwenyewe maadamu kipo, na kupita kwa miaka hakuifuti haki yake. Sheria ya ardhi ya Burundi ya mwaka 1986 ilikwenda njia nyingine. Ilimpa haki mtu aliyekaa katika ardhi miaka 30 bila ya kupingwa, na nusu ya muda huo ikiwa aliingia kwa nia njema. Hesabuni wenyewe, kutoka mwaka 1972 hadi mwaka 2008. Mtu aliyekimbia kuokoa roho yake angempinga nani, na angempinga vipi, naye yuko Mishamo? Kwa sababu hiyo Mkataba wa Arusha uliweka sharti kwamba aliyekimbia arudishiwe mali yake, khasa ardhi, na isipowezekana apewe fidia ya haki.

Lakini jawabu halikwishia hapo, na hapa ndipo penye uzito. Yule aliyeko shambani naye ana haki. Hakuvunja mlango. Alionyeshwa ardhi na wenye mamlaka, akatia jasho lake, akazika wazee wake humo. Pande za Rumonge sehemu kubwa ya mashamba ya watu waliokimbia iliingizwa katika miradi ya michikichi ya serikali, wengine wakagawiwa, wengine wakanunua kwa fedha zao halali. Sasa watu wawili wamesimama juu ya mche mmoja, kila mmoja anasema ni wangu, na wote wawili wasema kweli kwa namna yao. Katika ugomvi wa namna hii panga huwa karibu.

Sikilizeni basi yaliyotokea Madina, nanyi muyapime. Muhajirina walipofika Madina mikono mitupu, Ansari waliwapa mitende wale matunda yake. Miti ilibaki ya Ansari, na matunda yakawa ya wageni. Mama yake Anas bin Malik alimpa Mtume mitende yake, na Mtume akampa mitende hiyo Ummu Ayman, bibi mwema aliyemlea yeye Mtume utotoni. Ilipofunguliwa Khaibar, katika mwaka wa 7 wa Hijra, Muhajirina wakapata riziki yao wenyewe, na ikawa wanawarudishia Ansari mitende yao. Jamaa zake Anas nao wakamtuma akadai. Mtume akakubali irudi kwa wenyewe. Ummu Ayman aliposikia alikasirika, akaja akamtia Anas nguo shingoni, akaapa kwamba hatoi, kwani mitende ile alikwisha kupewa. Na Mtume (S.A.W.) alifanya nini? Hakumkemea bibi yule, wala hakusema kwamba haki ya Anas imekufa. Alimwahidi Ummu Ayman miti mingine, naye akikataa, na Mtume akizidisha, mpaka kilichotolewa kikafika mara kumi au karibu yake. Hapo bibi akaridhika, na mitende ikarudi kwa mwenyewe.

Angalieni, enyi wenye akili, jinsi mambo matatu yalivyokutana hapo. Mwenye mali alirudishiwa mali yake yenyewe. Aliyekuwa ameishika kwa nia njema hakuondoka akilia. Na aliyelipa tofauti ni yule mwenye mamlaka aliyempa pale mwanzo, si fakiri mwenziwe. Lau wakubwa wa dunia wangaliishika habari hii moja ya bibi mmoja na kijana mmoja, mahakama nyingi zingalipumua.

Huko Burundi iliundwa mwaka 2006 tume ya ardhi na mali nyinginezo, ili iwapatanishe watu wa namna hii. Mwanzoni wapatanishi walipenda kuligawa shamba, nusu kwa nusu. Wengi walikubali, na majirani wapya wakaishi wakipakana, ingawa kipande cha kila mmoja kilikuwa kidogo, kwani nchi ile ni ndogo na watu wake ni wengi. Baada ya mwaka 2011 mkondo ulibadilika, ikashikwa kwamba aliyerejea arudishiwe chote. Wakarudishiwa wengi, lakini wengi miongoni mwa waliotolewa hawakupewa kitu, na chuki mpya ikaanza kumea pale pale ilipokuwa imekatwa ya zamani. Mimi si hakimu wa nchi ile wala sijui kila shauri. Nasema tu yale ninayoyaona kwa mizani ya habari ya Ummu Ayman. Njia ya kwanza ilimpunguzia mwenye haki, na ya pili ilimwacha mwenye nia njema bila ya badala. Kilichokosekana katika njia zote mbili ni fungu la tatu, yaani fidia, na fidia ndiyo iliyohitaji fedha. Na fedha za misaada, ndugu zangu, zilikuwapo kwa magari ya moshi, kwa mabasi na kwa magunia ya unga.

Naomba nisieleweke vibaya. Unga ni neema, na aliyetoa basi amefanya wema. Anayerejea hupewa chakula cha miezi michache, mablanketi, ndoo, sabuni, jembe na fedha kidogo. Wengine walisaidiwa mabati, milango na madirisha, wao wenyewe wakafyatua matofali. Mwenyezi Mungu awalipe waliotoa. Lakini mtu aliyetoka katika shamba lililokuwa likimlisha, akashushwa penye ardhi isiyokuwa yake, akapewa jembe, jembe hilo atalipiga wapi? Msafara ukishapita mpaka, picha zikishapigwa na hesabu ikishaandikwa kwamba fulani elfu wamerejea, wengi wetu hudhani kazi imekwisha. Kumbe mwenye safari bado yuko njiani, ingawa miguu yake inakanyaga kwao.

Nasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

(Khatibu akae kitako kidogo, kisha asimame.)

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu kwa wema wake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na Masahaba wake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, pengine mtu atasema, habari hizi za tume na mikataba ni za serikali, mimi mwuza samaki wa Ujiji au mwalimu wa chuo cha Kurani nina fungu gani humo? Unalo fungu, na si dogo.

Mwajua kwamba Zaka ina mafungu manane, na moja katika hayo ni la msafiri aliyekatikiwa. Wanavyuoni wameeleza kwamba mtu huyu hupewa hata kama kwao ni tajiri, kwa sababu mali yake haimfikii pale alipo. Katika zama hizi wapo waliosema kwamba mkimbizi huingia humo, naye aliyerejea akalikuta shamba lake mkononi mwa mtu ni mfano wake ulio wazi, kwani mali anayo na haipati. Basi msione haya kumpa Zaka mtu mwenye karatasi ya shamba la ekari nyingi ikiwa usiku watoto wake wanalala na njaa. Ama wale wasiokuwa Waislamu, nao ndio walio wengi katika waliorejea Burundi, mlango wa sadaka uko wazi kwao bila ya shaka yoyote. Njaa haina madhehebu, na jirani ana haki yake kwa ujirani wake.

Lakini toeni kwa adabu. Abdurrahman bin Auf alipofika Madina aliunganishwa undugu na Saad bin Rabii, mtu mwenye mali nyingi katika Ansari. Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake yote. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe njia ya sokoni. Akenda, akauza na kununua, akarudi na jibini na samli, na haukupita muda akaweza kuoa kwa mali yake mwenyewe. Saad alitoa nusu, na hiyo ni karimu ya ajabu. Alichokihitaji mwenziwe ni njia ya sokoni. Wengi tunaosaidia hatuulizi. Tunampelekea mtu nguo kuukuu za nchi za baridi, naye alikuwa akitaka mbegu za maharage na mtu wa kumdhamini dukani. Muulizeni kwanza.

Na iko misaada isiyogharimu ila wino. Watu wale waliishi huku miaka 30 na zaidi. Walioana misikitini mwetu, walizaa, na walizika wazee wao. Wakifika kule huulizwa wewe ni mtoto wa nani, mama yako aliolewa lini, mzee wako alifariki mwaka gani na nani shahidi. Bila ya majibu hayo hakuna mirathi, na bila ya mirathi hakuna shamba. Basi kila msikiti wenye daftari la ndoa na la maziko na uitunze daftari hiyo, isiliwe na mchwa, na anayehitaji nakala apewe, asizungushwe wala asidaiwe kitu. Shahidi mzee aliyekuwapo siku ya maziko na aandike ushahidi wake angali hai. Mimi nimeona mtu amekuja kutafuta habari ya kaburi la baba yake, akaikuta daftari ya maziko imechukuliwa kufungia karanga. Wallahi niliona haya kumtazama usoni.

Wajane na mabinti ndio walio katika hatari kubwa zaidi. Kwa desturi ya huko binti harithi ardhi, na mume akifa ugenini mjane hurejea kwa shemeji zake akiwa kama mgeni, na mara nyingine akifukuzwa na wale wale waliokula naye Mishamo. Enyi Waislamu mlioko upande ule mnaotusikia, fungu la mwanamke katika mirathi limewekwa na Mwenyezi Mungu, wala halikuwekwa liwe mjadala wa wanaume barazani. Msijifiche nyuma ya desturi katika jambo ambalo dini yenu imekwisha kulikata. Na wazee wa mabaraza ya Bashingantahe, ambao tangu zamani walipewa heshima kwa kusema kweli katika magomvi ya watu, watendeeni heshima hiyo kwa kuwaletea ukweli mtupu, kwani hakimu wa kijiji hawezi kuhukumu kwa haki ikiwa mashahidi wote wamekula njama.

Kisha kuna watoto. Mtoto aliyefika darasa la sita Katumba alifundishwa kwa Kiswahili. Akafika nyumbani, ambako shule ni kwa Kirundi na Kifaransa, akarudishwa madarasa ya chini pamoja na watoto wadogo, akachekwa, na wengine wakaacha shule moja kwa moja. Ziliwahi kufunguliwa sehemu sehemu darasa za kuwafundisha lugha kwa muda kabla ya kuingizwa shuleni, nazo zilifaa. Ninyi watu wa Rumonge na Buyenzi mnazo lugha zote. Ikiwa vyuo vyenu vya Kurani viko wazi kila alasiri, ni taabu gani kuongeza saa moja mkawafundisha watoto hawa Kirundi na hesabu za kwao? Saa moja tu.

Jambo la mwisho nililo nalo nalielekeza kwetu sisi tuliopokea. Mwaka 2015 watu zaidi ya laki nne walikimbia tena kutoka Burundi, wengi wao wakaja huku, na tangu mwaka 2017 misafara ya kurudi imeanza tena. Miongoni mwao wamo waliokimbia mara ya pili, na wamo waliokimbia mara ya tatu katika umri mmoja. Mtu wa namna hii akisita kupanda basi, msimwite mvivu aliyezoea posho. Mkataba wa nchi za Afrika uliopitishwa Addis Ababa mwaka 1969 unasema wazi kwamba kurudi ni kwa hiari ya mkimbizi mwenyewe. Na kabla ya mkataba huo, katika dini yetu aliyepewa amani hakabidhiwi kwa anachokiogopa. Soko likifungwa ili aondoke, baiskeli ikichukuliwa ili aondoke, kuni zikikatazwa ili aondoke, hiyo si hiari, hata akitia sahihi. Najua kwamba kuni za misitu yetu zimepungua, na najua kwamba vijana wetu nao hawana kazi. Malalamiko hayo ni ya haki, na yapelekwe kwa wanaopaswa kuyasikia, yasimwagwe juu ya mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni.

Ama yule mzee wa Katumba, sikumwona tena. Miaka mingi baadaye msafiri mmoja aliyetoka ng'ambo aliniletea salamu zake. Akasema mzee alifika, wakakaa vikao vitatu na yule aliyekuwa shambani, mbele ya wazee. Wakagawana michikichi, ile ya juu ya njia kwa huyu, ile ya chini kwa yule, na kaburi la baba yake yule mwingine likabaki upande wa mzee, naye akaapa kulifyekea majani kila mwaka. Watoto wao, akasema, hawajazoeana bado. Mzee alitaka kujua tu kama nimekwisha kupata jawabu la swali lake.

Ewe Mola, wewe ndiwe Mlinzi wa msafiri na ndiwe unayebaki na watu wake nyuma yake. Warejeze kwao waliotolewa majumbani mwao bila ya haki, katika Burundi, katika Kongo, katika Sudan, katika Palestina, na katika kila nchi ambayo watu wake wanalala nje yake. Warejeze kwa amani, si kwa kusukumwa. Ewe Mola, walainishe nyoyo wale waliokuta ardhi tupu wakailima, na walainishe nyoyo wale waliokuta ardhi yao imelimwa. Wape wenye kuhukumu uadilifu, na wape wenye hazina mkono mwepesi. Warehemu waliokufa ugenini wakiangalia upande wa kwao. Watoto waliozaliwa njiani wajaalie wapate mahali pa kuita nyumbani. Utughufirie sisi na wazazi wetu na Waislamu wote, wanaume na wanawake, walio hai na waliokufa. Amin.

Simamisheni Sala.